Njia Isiyogusa Lami

Nianze na kule kubeba, maana ndiko kulikofanya achekwe.

Kati ya Makambako na Njombe kuna mahali barabara kuu inashuka hadi mtoni. Vilima viwili vinaubana mto, na daraja ni moja tu, la lami. Pembeni hakuna majani ya kukanyaga wala pa kujibanza. Ni vyuma vya daraja, mitaro, na malori ya mbao na makaa ya mawe yanayoteremka yakinguruma. Hapo ndipo Mwinjilisti aliposhuka kwenye baiskeli yake nyeusi, akaikung'uta vumbi, akaitia begani kama mtu anayebeba mbuzi, na kutembea nayo hatua mia tatu na kitu mpaka upande wa pili. Akifika kwenye vumbi aliitua taratibu, akapanda, akaendelea na safari yake.

Madereva walimpigia honi. Mimi siku ya kwanza kumwona nilicheka mpaka mtandio ukanidondoka. Nilikuwa mgeni, nimetoka Pangani kuja kufundisha hesabu shule ya msingi huku kata ya Kitandililo, na bado nilidhani ni baridi inayowatia watu wa huku vituko. Nikamuuliza, "Baba Mwinjilisti, baiskeli imeharibika?"

"Haijaharibika, Mwalimu. Nilimwahidi mama kwamba tairi langu halitagusa lami. Na halijagusa."

Habari yenyewe ndiyo hiyo. Miaka mingi kabla sijafika, upepo wa lori ulimtupa mtaroni yeye, baiskeli, Biblia na debe la viazi alilopewa na washarika. Mkewe, tuliyemwita Mama Mwinjilisti, alimpangusa damu usoni na kumtaka ahadi hiyo papo hapo, naye akaitoa. Mwanamume mwingine angeacha baiskeli, au angeacha ahadi. Yeye akaanza kutafuta njia. Akaunganisha vijia vya kwenda mashambani, vya wakata mbao, vya ng'ombe na vya watoto wa shule, hiki na kile, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaipata safari nzima ya Makambako hadi Njombe kwa vumbi na majani. Nzima, isipokuwa zile hatua mia tatu na kitu za darajani. Hizo alizibeba.

Na mkewe hakujua. Nyumbani alisema njia yake haikutani na lami, basi. Angesema ukweli, mama angemwambia kaa chini, na angekaa, maana alimheshimu na kumwogopa yule mama kuliko alivyomwogopa Askofu. Kwa hiyo sisi tuliofuatana naye tulikuwa na sheria moja tu: Mama asijue. Kwetu Pangani wanasema nina mdomo, na sikatai. Lakini siri hiyo niliishika miaka sita, na kwa mtu kama mimi hiyo si kazi ndogo.

Tuliofuatana naye hatukuwa wengi. Mimi, muuguzi wa zahanati, fundi cherehani mmoja wa Makambako, na yeyote aliyejisikia. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, alfajiri ikishapambazuka vizuri, tulikutana nje ya kanisa lake tukiwa tumevaa kila tulichonacho. Yeye alivaa koti la suti, buti za mpira na tai. Tai hakuiacha hata siku moja. Niliwahi kumwambia kwamba tai hiyo itaingia kwenye cheni imnyonge. Akasema miaka yote aliyoitumikia mitaa ya usharika wake alifika akiwa na tai, na watu wa njiani hawajamkosea kiasi cha kuvuliwa heshima hiyo kwa sababu tu amestaafu.

Sasa niwaambie njia ilivyokuwa, msije mkadhani nilimfuata mzee mkaidi kwa kumwonea huruma.

Unaiacha stendi ya Makambako na kelele zake, na malori ya kwenda Tunduma. Unapita mahindi na alizeti, halafu unaingia kwenye misitu ya miwati, na hapo njia inakuwa nyembamba, nyekundu, ngumu kwa kukanyagwa na miguu ya watu. Kutoka kwenye miwati unaingia kwenye paini, ambako chini kumejaa majani makavu hata tairi halisikiki. Kisha unatokea juu ya mgongo wa kilima na kuona vilima nyuma ya vilima, kijani, kijani iliyopauka, halafu buluu, mpaka macho yanachoka yenyewe. Unateremka kwenye mashamba ya viazi, unapita kijito, unapanda tena kwenye parachichi. Karibu na Njombe unapokewa na chai. Siku nzima unaweza kukutana na bodaboda mbili, na zote zinakusalimia. Unachosikia ni pumzi yako, cheni, na jogoo wa kilima cha pili.

Nilikuja huku nikiwa na upweke wa kulia usiku, naapa. Njia ile iliuondoa. Sijawahi kufurahi utu uzima wangu kama nilivyofurahi nikiteremka kilima cha pili baada ya paini, baridi inanikata masikio, machozi yananitoka kwa upepo, huku nikimcheka muuguzi aliyekuwa akimwita mama yake.

Kwenye miteremko ndipo nilipomjua Mwinjilisti wa pili. Wa kwanza alihubiri saburi. Alisema, "Mlima haushindwi, mlima huombwa ruhusa," akashuka na kusukuma baiskeli akiwa ametulia kabisa. Lakini mpe mteremko. Breki za vyuma aliziachia, miguu akainyoosha pembeni, koti likajaa upepo, akatuacha. Tulimkuta chini amekaa kwenye jiwe, tai imehamia mgongoni. Anatukaripia kwa kuchelewa.

Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, je? Mvua zikianza, mianzi ikigemwa, alikuwa mkali juu ya ulanzi kuliko mchungaji mwenyewe. Alihubiri juu ya baba aliyelala mtaroni, juu ya mke aliyeuza kuku kulipa faini. Lakini hakuna aliyejua kama yeye ni nyumba ipi ina ulanzi wa asubuhi, ule mtamu ambao haujakaa. Tulisimama kwenye nyumba hiyo, akapewa kikombe, akaufumbia macho, akanywa. "Huu bado haujawa ulanzi," alinieleza mimi Mwislamu, kwa uso mkavu. "Huu bado ni mti." Mimi nilikunywa chai.

Hakupita nyumba bila kusalimu. "Kamwene," alisema kutoka mbali, akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akauliza habari za viazi, za ng'ombe, za mgonjwa. Kisha akauliza njia. Hilo lilinishangaza kuliko yote, kwa sababu njia aliijua kuliko mwenye nyumba. Nilipomuuliza sababu akasema, "Njia nayo hulala, Mwalimu. Ikiamka inaweza kuwa imegeuka." Na kweli, mwezi mmoja mtu kaweka uzio wa parachichi, mwezi mwingine mvua imechimba shimo la kumeza ng'ombe. Alimwuliza mzee, alimwuliza mchunga mbuzi, aliwahi kumwuliza mlevi na kumsikiliza mpaka mwisho. Fundi cherehani alinunua simu yenye ramani akamwonyesha kwamba pale tulipo hapana njia. Mwinjilisti akaitazama ile simu kwa heshima. "Iambie ishuke isukume kidogo," akasema.

Mabasi ya kwenda Njombe yapo, tena mengi. Aliyakataa. "Basi linakufikisha, halikupeleki." Kwa maneno hayo nilimwona mjinga mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikaanza kuyasema mwenyewe.

Lakini kipimo chake ndicho kilichonipa tabu, na ndicho hatimaye kilichotuokoa. Mwinjilisti hakupima njia kwa kilomita. Alipima vilima kwa nyimbo za kanisani, kwa sababu kila kilima alikisukuma akiimba. Kilima hiki ni cha beti mbili. Kile cha beti tatu na kiitikio. Kabla ya daraja la lami kulikuwa na kilima kimoja kirefu kilichojaa mianzi, na maelekezo yake yalikuwa haya: anza ubeti wa kwanza kwenye jiwe jeupe, na ubeti wa nne ukiisha, kata kushoto. Ukikata hapo unateremkia darajani. Wimbo ni ule ule, alisema, usiniletee mwingine.

Watu wa usharika wake walielewa. Wamezaliwa humo, wanaimba wimbo ule kwa mwendo mmoja, taratibu, kila neno wanalivuta kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Mimi nilimfuata nyuma miaka yote, nikitazama mgongo wake, sikuwa na haja ya kupima chochote. Nilijua koti lake kuliko nilivyoijua njia.

Halafu bega likakataa.

Tuliliona linakuja. Mwanzo alipumzika mara moja katikati ya daraja, halafu mara mbili. Tulimwomba tumbebee. Muuguzi alimwomba kwa upole, mimi kwa ukali. Akakataa kwa wote wawili. "Ahadi niliitoa mimi, hamkuitoa ninyi." Mwaka jana, mwezi wa nne, kamvua kembamba kananyesha, alikuwa katikati ya daraja aliposhindwa. Alipiga magoti na baiskeli yake juu. Lori likasimama nyuma yake, na lingine nyuma ya hilo. Dereva akashuka, tukadhani anakuja kutukana. Alikuja kumwinua. Na Mwinjilisti, akiwa bado kwenye magoti, alikuwa ameishika baiskeli kwa mkono mmoja uliokuwa mzima, ameiinua kidogo, ili tairi lisiguse chini.

Sikucheka siku hiyo. Nililia, nikamwambia wazi kwamba ni mkaidi na atatuua kwa presha.

Miguu yake ilikuwa mizima, kifua chake kizima. Lakini bila bega hakuna daraja, na bila daraja hakuna Njombe. Alirudi nyumbani, akaitundika baiskeli ukutani kwa kamba, akamwambia mkewe kwamba bega limemuuma kwa jembe. Mwezi wa tano hakuja. Wa sita hakuja. Nilipopita kumwona nilimkuta amekaa nje kwenye benchi saa nne asubuhi, amevaa tai, anatazama kuku. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za shule, basi. Mtu aliyewauliza njia hata walevi hakuwa na swali lingine la kuuliza. Nilitoka pale nimeumia moyo kweli kweli, na mimi nikiumia hukasirika.

Kwa hasira hiyo nikaamua kwenda Njombe peke yangu. Nilitaka nirudi nimwambie njia yako ipo, haijaota nyasi, inuka. Nilimwomba aniambie maelekezo yote, akaniambia, na uso wake ukachangamka kwa nusu saa hiyo. Tatizo lilikuwa wimbo. Mimi wimbo wa Kilutheri nitautoa wapi? Nikawaomba wanafunzi wangu wa darasa la sita wanifundishe. Wakanifundisha wakati wa mapumziko, kwa makofi na kuruka, kama wanavyoimba kwenye kwaya yao ya watoto. Nikaushika ubeti kwa ubeti. Mama yangu angenisikia angenisomea dua ndefu.

Jumamosi hiyo ya Julai ukungu ulikuwa mzito hata sikuona gurudumu la mbele vizuri. Nilifika kwenye jiwe jeupe nikaanza kusukuma na kuimba, peke yangu, katikati ya mianzi, kwa mwendo wa watoto wa darasa la sita. Ubeti wa nne ukaisha. Nikatazama kushoto, na kweli kulikuwa na kijia. Nikasema alhamdulillahi, nikakata.

Kile kijia kilikuwa kinateremka vibaya. Nilikaza breki zote mbili na bado nilikuwa naserereka. Lami haikutokea. Honi sikuzisikia. Badala yake ukungu ulifunguka chini yangu nikaona bonde lenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu wake: matuta ya kabichi, mahindi mabichi, maharage, na wanawake wanne wameinama wanapalilia. Mmoja, mwanamke mzima mwenye kanga mbili kiunoni, aliinuka akanitazama kuanzia helmeti mpaka viatu.

"Kamwene, dada. Umepotea?"

"Kamwene, mama. Nimeimba beti zote nne."

Akawageukia wenzake. Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye tuta. Kisha akaniuliza nauimbaje, nikamwimbia, na wakacheka tena, wakaniimbia wao kwa mwendo wao. Ubeti wao mmoja ulikuwa karibu sawa na beti zangu tatu. Nilikuwa nimekata kushoto nikiwa sijafika hata nusu ya kilima.

"Nirudi juu?" nikauliza, nikikitazama kilima kwa chuki.

"Unakwenda wapi?"

"Njombe."

"Sasa urudi juu kufanya nini? Vuka hapa."

Nyuma ya mahindi kulikuwa na mto, umejibana kati ya mawe mawili, mwembamba pale kuliko popote nilipowahi kuuona. Juu yake kulikuwa na magogo mawili ya mlingoti, ule mkaratusi, yamelala sambamba, yamechakaa kwa miguu ya watu. Wanawake wa pande zote mbili wanavukia hapo kwenda kwenye vinyungu vyao, akasema, tangu zamani. Alishika tairi la mbele, mwingine la nyuma, mimi nikafuata nikitambaa kwa magoti bila aibu. Upande wa pili kijia kikapanda, kikapinda, na baada ya kilima kimoja nikaliona lile shamba la viazi ambalo tulikuwa tukilipita kila mwezi baada ya daraja. Lami niliisikia kwa mbali, kulia kwangu. Sikuwa nimeigusa hata kwa kidole.

Niliimaliza safari mpaka Njombe nikiwa naongea peke yangu. Usiku huo nililala kwa rafiki, na alfajiri nikarudi kwa kijia kile kile, nikiwa na haraka ya mtu mwenye habari.

Ilikuwa Jumapili, wametoka ibadani. Niliwakuta jikoni, maana Julai huku sebuleni hakukaliki. Mama Mwinjilisti alikuwa ameweka sufuria ya maji motoni na kitambaa pembeni, anamkanda mumewe bega. Sikukaa hata kitini. Nikaanza. Jiwe jeupe, watoto, beti nne, mianzi, vinyungu, magogo. "Baba, kuna pa kuvukia," nikasema. "Hutabeba tena baiskeli kwenye lile daraja la lami, wala hutapiga magoti mbele ya malori tena."

Kitambaa kikasimama.

Miaka sita, jamani. Miaka sita niliishika.

Mama Mwinjilisti alimtazama mumewe. Akanitazama mimi. Akakitia kitambaa kwenye maji, akakikamua taratibu sana. "Kubeba baiskeli wapi?" akauliza.

Ikabidi nimweleze, kwa kuwa Mwinjilisti alikuwa anatazama moto tu. Nilimweleza hatua mia tatu na kitu, kila mwezi, tairi juu, kwa ajili ya ahadi. Nilimweleza na siku ya mvua. Nilipomaliza, nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alikuwa mtu wa maneno machache, na nilijua akisema kaa chini, itakuwa kaa chini mpaka kaburini.

"Bega hili," akasema. "Kumbe nalikanda miezi yote hii, hujaniambia limeumia kwa sababu yangu."

"Ungenikataza," akasema Mwinjilisti.

"Ningekukataza ndiyo." Akalishika lile bega kwa kiganja chote, akalikandamiza kidogo, akauacha mkono juu yake. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyapangusa. Kisha akanigeukia mimi. "Magogo ya mlingoti, kati ya mawe mawili? Chini ya kilima cha mianzi?"

"Hayo hayo, mama."

"Mimi nimelima pale. Kabla sijaolewa, kwa shangazi yangu, viangazi vitatu. Nilikuwa navuka na ndoo ya maji kichwani."

Mwinjilisti aliinua uso. Nimemwona akishangaa mara chache, lakini si namna hiyo. Mtu aliyeshuka kwenye baiskeli kwa kila nyumba kuanzia Makambako mpaka Njombe. Aliyemvulia kofia mchunga mbuzi.

"Mbona hukuniambia?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Hukuniuliza."

Hakusema kwa kumsuta. Alisema tu kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha. Lakini lilimwingia Mwinjilisti, niliona likimwingia. Halafu akavuta kigoda chake karibu na cha mkewe, akaweka viganja magotini, akamuuliza kwa adabu ile ile aliyowauliza watu wa njiani: "Na baada ya magogo, mama, ukishapanda, kuna njia gani nyingine?"

Akaanza kumwambia. Kuna ya juu, ya kiangazi. Kuna ya kupitia kwenye mapango, lakini ina siafu. Kuna moja nzuri sana yenye kivuli, wanawake wanaipita wakienda sokoni. Jua lilizunguka nyumba, chai ikapoa, viazi vikaiva vikaliwa, na yule mama wa maneno machache alikuwa bado anaongea. Mimi niliaga, hawakunisikia.

Mgowe wa kutengeneza kivuko aliuitisha yeye, Mama Mwinjilisti. Mgowe ni kazi ya pamoja, na huku huitishwa kwa chakula, basi akapika makande ya kulisha kilima. Wakaja wale wanawake wa vinyungu na waume zao, tukaja sisi wa Jumamosi, fundi cherehani akajikata kidole akaonewa huruma na wote. Kwa siku moja magogo mawili yakawa manne, yakapigiliwa fito kwa upana, na upande mmoja ukawekwa mkono wa mianzi wa kushikia. Baiskeli inapita ikisukumwa, tairi juu ya mti. Mwinjilisti alizuiwa kubeba chochote. Alikaa kwenye jiwe na bega lake, akiimba kwa mwendo wake wa kuvuta, na kazi ikaenda kwa mwendo huo huo, tukachelewa kumaliza.

Jumamosi ya kwanza iliyofuata nilifika nje ya kanisa nikiwa na wasiwasi kama atakuja. Alikuja. Koti, buti, tai. Na kwenye keria, juu ya mto wa kukalia ulioshonwa kwa kitenge, amekaa upande mmoja kama bibi harusi, alikuwa Mama Mwinjilisti. Mkono mmoja umeshika kiuno cha mumewe, mwingine umeshika chungu cha togwa. Katika ndoa yao nzima hakuwahi kupanda baiskeli ile. Muuguzi akaanza kupiga makofi, tukamfuata.

Nilikuwa nyuma yao njia nzima. Kwenye vilima alishuka akasukuma pamoja naye, wakiimba, na kwa mara ya kwanza nikasikia ule wimbo ukiimbwa kwa sauti mbili kama unavyotakiwa. Kwenye mteremko wa paini nilidhani, kwa heshima ya mama, atakaza breki. Hakukaza. Alinyoosha miguu pembeni kama kawaida yake, na kutoka kwenye keria ikatoka sauti ambayo mwanzo nilidhani ni ya kuomba msaada. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka chini kabisa, togwa likimwagika kwenye kitenge.

Tuliuvuka mto kwenye magogo, mmoja mmoja. Wanawake wa vinyungu walipiga vigelegele. Upande wa pili tukapanda, tukapinda, na juu tukafika kwenye njia panda ambayo mimi niliipita mara mbili nisiione, kwa sababu ilikuwa ya kwake yeye, ya siku za ndoo kichwani. Kulia ilikwenda kwenye shamba la viazi tunalolijua. Kushoto ilipotelea kwenye miti.

Mwinjilisti alisimama, mguu mmoja chini. Akavua kofia. Akageuza shingo.

"Mama, wapi?"

"Kushoto."

Aliitazama ile ya kushoto. "Kushoto naona kama kuna matope."

"Umeuliza au hukuuliza?"

"Nimeuliza."

"Basi."

Akavaa kofia yake, akakanyaga pedeli, na sote tukaenda kushoto, kwenye matope.